Likizo ukishahamia Marekani: zile siku zako 28 hazikufuati, na mama akiumwa nyumbani unafanyaje

Watu wengi wanaokuja Marekani wanajipanga kwa viza, tiketi, baridi, pa kufikia, lakini likizo hawaiulizi kabisa, kwa sababu kwa akili ya kwetu likizo ni kitu kinachokuja chenyewe ukishaajiriwa kama mshahara unavyokuja mwisho wa mwezi. Alafu inafika miezi nane tisa mtu anataka akamuone mama ndo anagundua hana siku hata tano, na hamna sheria ya kumbana nayo mwajiri. Nimeona nilieleze hili jambo lote kwa pamoja maana maswali ni yale yale kila mwaka na majibu yanayozunguka ni nusu nusu, huyu anakwambia Marekani hamna likizo, yule anakwambia mbona mimi nina wiki tatu za kulipwa, na wote wawili wanasema kweli.

Tuanzie tulikotoka. Tanzania sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, zenye malipo, na likizo ya uzazi siku 84, ukijifungua mapacha 100. Ukiumwa una siku 126 ndani ya mzunguko wa miaka mitatu, 63 za mwanzo mshahara wote na 63 zinazofuata nusu. Kenya sheria yao ya 2007 ni siku 21 za kazi kwa mwaka, uzazi miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Najua kabisa kuna waajiri wengi nyumbani hawafuati haya, na aliyefanya kazi dukani kwa Mhindi au kwenye kiwanda kama kibarua anaweza asiwahi kuiona hiyo likizo, lakini sheria ipo, na hakuna HR anayeweza kukutazama machoni akakwambia kampuni yetu haina likizo.

Marekani anaweza, na anakuwa hajavunja kitu chochote.

Sheria kuu ya kazi ya serikali kuu ya Marekani ni ya mwaka 1938, wanaiita FLSA. Hiyo inashughulika na kima cha chini cha mshahara (kwa taifa ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009), ovataimu, na ajira za watoto. Likizo ya mwaka haimo. Malipo ukiumwa hayamo. Sikukuu pia hazimo, na hili linawashangaza wengi, kwamba Krismasi au Thanksgiving au tarehe 4 Julai ni sikukuu za serikali kuu lakini kampuni binafsi hailazimiki na sheria ya taifa kufunga wala kukulipa zaidi ukifanya kazi siku hiyo. Wale wanaolipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida siku ya Krismasi wanalipwa kwa sera ya kampuni yao, basi.

Kwa hiyo ukitaka kujua una likizo gani inabidi uangalie sehemu tatu, na hapa ndo panapochanganya watu. Kuna sheria ya taifa, ambayo ni nyembamba. Kuna sheria ya state unayofanyia kazi, ambayo inaweza ikawa nzuri sana au ikawa hamna kitu. Alafu kuna hendibuku ya kampuni, kile kitabu cha kurasa sitini wanachokusainisha siku ya kwanza na wewe unasaini bila kukifungua kwa sababu unawaza shifti inaanza saa ngapi. Kwa mtu anayeishi Texas, hicho kitabu ndo karibu kila kitu.

Nikianza na hicho kitabu, kampuni nyingi zinatoa kitu kinaitwa PTO, yaani fungu moja la masaa yenye malipo unayotumia kwa likizo, kuumwa, msiba, kumpeleka mtoto hospitali, yote humo humo. Hupewi siku zote mkononi mwanzoni mwa mwaka, unazichuma kidogo kidogo kila unapolipwa. Angalia karatasi yako ya malipo, pale chini au pembeni kuna sehemu imeandikwa PTO, na mara nyingi kwa mfanyakazi mpya utakuta namba 3.08. Hiyo namba maana yake kila wiki mbili unaongezewa masaa matatu na dakika tano hivi, na kwa kuwa mwaka una malipo 26 basi mwisho wa mwaka unakuwa na masaa 80, yaani siku 10 za kazi. Sasa piga hesabu ya safari ya nyumbani. Ukitaka kwenda wiki tatu unahitaji masaa 120, na kwa mwendo wa 3.08 utayafikisha baada ya malipo 39, ambayo ni mwaka mmoja na nusu, na hapo hujaumwa hata siku moja, mtoto hajapata homa, gari halijakugomea asubuhi ya barafu. Ndo maana watu wanakaa miaka mitatu minne bila kufika nyumbani, na ndugu kule wanadhani umewasahau.

Na kuna kikomo. Kampuni nyingi zinaweka kiwango, ukifika hapo masaa yanaacha kuongezeka mpaka utumie, na nyingine mwisho wa mwaka zinafuta kila kilichobaki. Hii ya kufuta California hairuhusiwi, Colorado pia, kwa sababu kule likizo uliyoichuma inahesabiwa ni mshahara wako, na hata ukiacha kazi lazima wakulipe yote iliyobaki. Texas inategemea sera iliyoandikwa, kama kitabu kinasema ukiacha kazi bila kutoa notisi ya wiki mbili unapoteza basi umepoteza. Nimeona watu wakiacha kazi kwa hasira siku hiyo hiyo na kuacha mezani masaa 90 ambayo wangelipwa kama wangesoma ukurasa mmoja tu.

Jambo lingine la pesa ambalo halielezwi vizuri ni kwamba masaa ya PTO hayahesabiwi kwenye ovataimu. Sheria inasema ukizidisha masaa 40 uliyofanya kazi kweli kwa wiki ndo unalipwa moja na nusu. Ukichukua PTO Jumatatu masaa 8, alafu ukafanya kazi masaa 40 Jumanne mpaka Jumamosi, karatasi itaonyesha 48 lakini yote kwa bei ya kawaida. Sio kwamba wamekuibia, ndo sheria ilivyo, ila ukijua mapema unapanga.

Sasa dada na kaka zangu mlioko kwenye nursing home na home care, ambako wengi wetu tunaanzia, kuna hii ya PRN. Agensi au kituo kinakwambia ukija kama PRN utalipwa dola tatu nne zaidi kwa saa, na mtu anaruka juu kwa furaha kwa sababu dola ni dola. PRN maana yake unaitwa wanapokuhitaji, na karibu kila mahali huchumi PTO, bima ya afya ya kazini hupati, na wiki wagonjwa wakipungua ratiba yako inafutwa. Kwa mtu asiye na mtoto na mwenye bima kupitia kwa mume au mke inaweza ikawa sawa tu. Kwa mama anayetegemea kujifungua mwaka huo ni hasara, na huwa naumia nikiona mtu anaingia humo bila mtu yeyote kumwambia. Kibaya zaidi ni 1099, ile karatasi ya kodi inayokuhesabu wewe ni mkandarasi unayejitegemea. Ukiwa 1099 huna ovataimu, huna likizo, huna hata ile sheria ya likizo ya kuugua na kuuguza, FMLA, nitakayoisema chini. Kama wanakupangia saa ya kuingia na kutoka, wanakupa yunifomu, wanakusimamia kila hatua, na bado wanakulipa kwa 1099, kuna uwezekano mkubwa wanakuhesabu vibaya na hilo unaweza kulilalamikia.

Nikija kwenye state, hapa utofauti ni mkubwa mpaka unashangaa kama ni nchi moja. Minnesota, ambako Wakenya ni wengi sana, tangu Januari 2024 kila mfanyakazi anachuma saa moja ya kuumwa yenye malipo kwa kila masaa 30 anayofanya kazi, mpaka 48 kwa mwaka, na inawahusu hata wa muda. Washington ni saa moja kwa kila 40. California ni angalau siku 5 au masaa 40 kwa mwaka tangu 2024. Illinois wamekwenda mbali zaidi, tangu 2024 unachuma mpaka masaa 40 kwa mwaka na unayatumia kwa sababu yoyote ile, huulizwi. Texas hamna. Austin, Dallas na San Antonio walijaribu kupitisha sheria za miji yao, mahakama zikazizuia. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Minneapolis anasema ana haki ya siku sita za kuumwa usiende kumwambia bosi wako wa Houston kwamba ni sheria, atakushangaa.

Na hapa niseme kuhusu ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazini. Nyumbani ukienda hospitali daktari akakuandikia ED siku tatu, umemaliza, unapeleka ofisini na mshahara unaendelea. Huku karatasi ya daktari haina nguvu hiyo yenyewe peke yake. Inaweza kusaidia kukosa kwako kusihesabiwe kosa, lakini kama huna masaa ya PTO wala ya kuumwa, siku hizo hulipwi. Na kwenye maghala na viwanda kuna mfumo wa pointi, ukikosa siku moja unapata pointi, ukichelewa nusu pointi, zikifika idadi fulani unaondolewa hata kama ulikuwa na homa kweli. Kinachokulinda hapo ni kama siku ulizokosa ziko chini ya sheria fulani, ya state au FMLA, kwa sababu siku zinazolindwa na sheria hawaruhusiwi kuziwekea pointi. Ndo maana unatakiwa uitaje mapema unapopiga simu kwamba unaomba masaa yako ya kuumwa kwa mujibu wa sheria ya state, sio kusema tu "leo sijisikii vizuri bosi". Na lazima upige. Ukikosa bila taarifa mara mbili tatu kampuni nyingi zinaandika kwamba umeacha kazi mwenyewe kwa hiari, na ukija kuomba mafao ya ukosefu wa ajira hiyo hiyo karatasi inakufunga.

Inabidi pia uelewe kwamba ajira nyingi huku ni za at-will. Nyumbani kufukuzwa kunahitaji sababu ya haki na utaratibu, notisi, kikao, barua, na mtu anaweza kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, akashinda. Huku, ukiondoa Montana na walio kwenye union au wenye mkataba maalum, mwajiri anaweza kukuachisha leo mchana bila kutoa sababu yoyote, na wewe vile vile unaweza kuondoka bila sababu. Asichoruhusiwa ni kukuondoa kwa sababu iliyokatazwa na sheria, kama rangi, dini, asili ya ulikotoka, ujauzito, au kwa kuwa umetumia likizo inayolindwa. Kwa hiyo ile tabia yetu ya kuondoka wiki mbili "nitakuja kuelewana naye nikirudi" inagharimu kazi. Na tafadhali sana, usikate tiketi kabla hujapata jibu la maandishi. Maneno ya supavaiza kwenye korido kwamba "sidhani kama kutakuwa na shida" sio ruhusa, supavaiza mwenyewe anaweza asiwepo mwezi ujao. Omba kwa imeili au kwenye mfumo wao, subiri jibu, hifadhi nakala kwenye simu yako sio kwenye kompyuta ya kazini. Na Desemba ambayo kila mmoja wetu anaitaka ndo mwezi mgumu kuliko yote, maghala yako kwenye msimu mkubwa na vituo vya wazee vina watu wachache, wengi wanafunga kabisa maombi ya likizo kuanzia Novemba. Anayeomba kwenda Februari au Juni, tena akiomba miezi minne mitano kabla, anapewa kirahisi zaidi, na tiketi ya Februari ni nafuu.

Sasa tuje kwenye jambo linalonigusa zaidi, mzazi anaumwa nyumbani.

Kuna sheria ya taifa ya mwaka 1993 inaitwa FMLA. Inakupa mpaka wiki 12 ndani ya miezi 12, bila malipo, lakini kazi yako inalindwa, ukirudi unakuta nafasi yako au inayolingana nayo, na bima ya afya ya kazini inaendelea ili mradi unaendelea kulipa mchango wako. Inatumika ukiumwa mwenyewe ugonjwa mzito, ukipata mtoto au kumuasili, au ukiwa unamuuguza mume, mke, mtoto au mzazi. Ili uipate uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12, uwe umefanya masaa yasiyopungua 1,250 katika miezi 12 iliyopita, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 kutoka unapofanyia kazi. Masaa 1,250 ni kama 24 kwa wiki. Hapa kuna mtego kwa wanaofanya kazi mbili, na wengi wetu tunafanya mbili. Ukifanya masaa 20 hapa na 20 pale, umechoka kama mtu wa full time lakini kila mwajiri anahesabiwa peke yake, 20 mara wiki 52 ni 1,040, hujafika kote kuwili. Kama unaweza kuchagua, weka angalau kazi moja iwe na masaa ya kutosha.

Watu wengi hawajui kwamba FMLA haijali mzazi yuko nchi gani. Mama akiwa amelazwa KCMC au Bugando au Kenyatta, daktari wa huko anaweza kujaza ile fomu, inaitwa WH-380-F, na sheria inamtambua daktari wa nje aliyeruhusiwa kutibu kwenye nchi yake. Wakitaka tafsiri ya Kiingereza utawapa, ingawa madaktari wetu wanaandika Kiingereza hivyo hivyo. Mwajiri akiomba hiyo fomu lazima akupe angalau siku 15 kuirudisha, na siku 15 zinaenda haraka ukitegemea ndugu wa kufuatilia daktari hospitali ya rufaa, kwa hiyo itume kwa WhatsApp siku hiyo hiyo, mwambie mtu aiprinti aipeleke kwa mkono na asiondoke mpaka isainiwe. Daktari aandike ugonjwa ulivyo, mgonjwa anahitaji huduma gani na kwa muda gani. Akiandika tu "mgonjwa anaendelea na matibabu" itarudishwa. Na lazima uwe unaenda kumuuguza kweli, kumhudumia, kumpeleka kliniki, kukaa naye, na hata kumpa faraja kunahesabika kama huduma, lakini kwenda kuona kiwanja na harusi ya binamu kisha ukaita FMLA ni kujitafutia kufukuzwa, na watu wamefukuzwa kwa picha walizopost wenyewe.

La pili ambalo kila mtu wa kwetu anatakiwa alijue ni hili. Mzazi kwenye FMLA ni pamoja na mtu aliyekulea kama mzazi ulipokuwa mtoto, hata kama sio aliyekuzaa. Wangapi wetu tumelelewa na bibi, au mama mkubwa, au baba mdogo aliyetulipia ada na kutuweka nyumbani kwake tangu darasa la tatu? Huyo kwa sheria hii ni mzazi wako. Huhitaji hati ya mahakama, maelezo mafupi ya maandishi kwamba bibi fulani ndiye aliyenilea tangu umri huu mpaka huu na kunihudumia kila siku, kwa kawaida yanatosha. Watu wanapewa jibu la HR kwamba bibi hayumo na wanakubali wanaondoka kimya, wakati bibi aliyekulea yumo. Wakwe na kaka na dada ndo hawamo kwenye sheria ya taifa, ila state nyingine zinawaweka, California kwa mfano ina sheria yake inayogusa mwajiri wa kuanzia watu watano na inawataja wakwe, bibi, babu, kaka, dada na hata mtu mmoja utakayemchagua mwenyewe.

Mwajiri anaweza kukulazimisha utumie PTO yako wakati huo huo wa FMLA, kwa hiyo usishangae ukirudi ukute fungu limekwisha. Ni halali.

Msiba ni jambo lingine na hapa sheria ni kavu. FMLA inaishia mgonjwa anapofariki. Hakuna sheria ya taifa ya likizo ya msiba kwa kampuni binafsi, kampuni nyingi zinatoa siku tatu kwa familia ya karibu, na safari ya Dallas mpaka Dar kwenda na kurudi peke yake inazila hizo siku. Familia ya karibu kwao ni mume, mke, mtoto, mzazi, ndugu wa tumbo moja, wengine wanaongeza babu na bibi. Mjomba hayumo. Mama mdogo hayumo. Najua kuna watu wanaandika tu "father" kwa baba mdogo, na kwa desturi zetu hawajadanganya, lakini karatasi ya kifo ikiombwa na siku nyingine baba mzazi akifariki inakuwa shida kubwa ya kuonekana mwongo. Ni bora kumkalisha meneja na kumweleza kwamba huyu ndiye aliyenilea, naomba siku tatu za msiba na wiki mbili nyingine bila malipo, na kuweka hilo ombi kwa maandishi. Wengi wanakubali ukiwa mfanyakazi mzuri, ila ujue wanakubali kwa hiari yao. Illinois kuna sheria ya mpaka wiki mbili bila malipo kwenye kampuni zinazoguswa na FMLA, California siku tano, na Minnesota zile saa za kuumwa unaweza kuzitumia kwa mazishi, tena tafsiri yao ya familia ni pana mpaka wajomba na mashangazi wamo. Waislamu ambao maiti haisubiri wiki mara nyingi hatuwahi mazishi, tunawahi hitma, na tarehe za hitma zinaweza kupangwa na familia ukiwaeleza ruhusa yako ilivyo.

Kwenye dini hapo hapo, Idi na Ijumaa, na kwa Wasabato Jumamosi. Mwajiri mwenye watu 15 au zaidi anatakiwa na sheria ya haki za raia ya 1964 akupishe ufanye ibada yako, kwa kubadilishana shifti au kukupa siku bila malipo, isipokuwa kama inamletea mzigo mkubwa. Zamani waajiri walikuwa wanakataa kwa kisingizio kidogo tu, lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Groff, mfanyakazi wa posta wa Pennsylvania aliyekataa kufanya kazi Jumapili, ilisema mwajiri aonyeshe gharama kubwa kweli kulingana na biashara yake. Kwa hiyo omba, kwa maandishi, useme wazi kwamba ni kwa ajili ya dini, na omba kabla, kwa Idi taja kwamba tarehe inategemea mwezi ili wasikuone unabadilisha badilisha.

Uzazi unahitaji makala yake lakini siwezi kuuacha. Hakuna malipo ya uzazi kitaifa. Wiki 12 za FMLA bila malipo, kama umetimiza masharti. Kwenye state kama California, New York, New Jersey, Washington, Massachusetts, Colorado, na Minnesota iliyoanza Januari 2026, kuna mfuko unaolipa sehemu ya mshahara, na mnakatwa kidogo kwenye mshahara kwa ajili hiyo, kwa hiyo ni pesa yako usiogope kuidai, na baba naye anaipata. Kwingine watu wanategemea bima ya short-term disability, yaani ya kulipwa ukishindwa kufanya kazi kwa muda mfupi, ambayo inalipa kama wiki 6 ukijifungua kawaida na 8 kwa operesheni, lakini lazima uwe umejiunga kabla hujapata ujauzito, ukishashika mimba mara nyingi umechelewa. Ile wiki ya kuchagua bima kazini, mara nyingi inakuwa kati ya Oktoba na Desemba, ndo ya kuiweka. Na dada anayenyanyua wagonjwa kazini, tangu Juni 2023 kuna sheria ya wajawazito kwa waajiri wa watu 15 na zaidi, haihitaji uwe umekaa mwaka, unaweza kuomba usinyanyue uzito, ukae, upumzike zaidi, au upewe muda wa kupona. Usisubiri mpaka utoke damu ndo useme.

Unapopewa ofa ya kazi, kabla hujasaini, hapo ndo una nguvu kuliko siku nyingine yoyote. Uliza PTO ni masaa mangapi kwa kila malipo, inaanza kuchumwa lini na inaruhusiwa kutumika lini maana wengine wanakataza siku 90 za mwanzo, kikomo ni ngapi, ukiacha kazi inalipwa au hailipwi, na kama kuna ruhusa ndefu bila malipo kwa watu wenye familia nje ya nchi. Unaweza hata kuomba wiki moja ya ziada badala ya senti hamsini za mshahara, na kama umeshakata tiketi ya kwenda nyumbani mwezi wa sita iseme hapo hapo iandikwe kwenye barua ya ofa. Hakuna atakayekuona mkorofi. Wenzetu waliozaliwa huku wanauliza hayo yote bila woga.

Na ikitokea umenyimwa kitu ambacho sheria inakupa, ovataimu, FMLA, au umefukuzwa kwa sababu uliitumia, kuna ofisi ya mishahara na masaa ya Wizara ya Kazi, namba yao ni 1-866-487-9243, simu ni bure, wana wakalimani, na kukulinda kwao hakutegemei una karatasi gani za uhamiaji. Madai ya mshahara na FMLA yana miaka miwili, mitatu kama mwajiri alifanya kwa makusudi. Ya ubaguzi wa dini, asili au ujauzito yanaenda EEOC, tume ya serikali kuu ya usawa kwenye ajira, na kule muda ni mfupi, siku 180 tangu jambo litokee, kwenye state nyingi zinafika 300. Watu wetu wengi wanakaa na uchungu mwaka mzima wakiongea nao kanisani na kwenye vikao vya jumuiya, wakija kupiga simu tarehe imeshapita.